Biharusi, bakisha pesa ya asumini



Tangu mwezi wa tatu simu zetu zimejaa picha za majira ya kuchipua. Chumba cheupe, mapazia ya waridi hafifu yanayoburura sakafuni, jagi la maua ya tulipu juu ya meza, na nje ya dirisha bustani ya kijani kibichi. Ni picha za Uingereza, Ufaransa, Marekani. Nzuri, hatukatai. Wenzetu wale wametoka kwenye baridi ya miezi, miti ilikuwa imepukutika majani, jua halionekani. Linaporudi wanafungua madirisha, wanashusha mapazia mazito ya baridi, wanaweka maua mezani. Wana haki ya kufurahi.

Tatizo linaanza picha ile inapoingia katika duka la mapazia hapa Unguja, imeshikwa na biharusi ambaye ndoa yake ni wiki sita zijazo, na anaitoa kama oda.

Maoni yetu tunayasema wazi, na tunayasema sisi ambao mapazia ndiyo yanayotulisha: biharusi wa kisiwani asinunue msimu wa watu wengine kwa pesa ya mkopo. Sisi tuna majira yetu ya kuchipua, na yanaanza masika yakiondoka. Robo ya pesa iliyotengwa kwa mapazia na maua ya plastiki ibakishwe kwa ajili ya uani: vyungu, udongo mzuri, asumini, mrehani, na kiti cha kukalia. Chumba kitapendeza vile vile, na deni litakuwa dogo.

Hebu tuangalie mwaka wetu ulivyo. Masika yananyesha kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano. Upepo wa kusi unashika, joto linashuka, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane tuna kipupwe, hewa tamu kuliko zote za mwaka. Udongo bado una maji. Ukichomeka kijiti cha asumini ardhini wakati huu, kinashika. Vitambaa vikifuliwa vinakauka siku ile ile bila ya kunuka. Hiyo ndiyo spring yetu, kama mtu analipenda neno hilo. Anayechelewa hana haja ya kukata tamaa, maana vuli za mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili zinampa nafasi ya pili.

Tulipu, kwa upande wake, ni ua linalotoka kwenye kitunguu, na kitunguu hicho lazima kikae kwenye baridi kali kwa wiki nyingi chini ya ardhi ndipo kichanue. Kwetu hakuna baridi hiyo. Ndiyo maana tulipu zote unazoziona Darajani ni za plastiki au kitambaa. Siku ya kwanza zinang'ara. Ukiziweka karibu na dirisha, jua linazipausha, na zile za kitambaa zinakusanya vumbi ambalo ukilifuta kwa kitambaa kibichi linageuka uji. Wapo wanaosema angalau plastiki haifi. Kweli haifi, lakini pia hainukii, na chumba cha biharusi wa Kiswahili kisichonukia sisi hatujui ni chumba gani.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo panapouma.

Kwa desturi za familia nyingi huku, chumba na vyombo ni mzigo wa bwana harusi, na upande wa biharusi nao unaongeza wa kwao kwa kadiri ya uwezo. Zamani watu walihesabu kitanda, kabati, godoro, vyombo vya jikoni. Siku hizi imeongezeka kitu kinachoitwa "kupambiwa nyumba": mapazia ya vyumba vyote, mito ya rangi moja na mapazia, zulia, vazi refu za sakafuni, ukuta wa maua nyuma ya kochi. Vyote kwa pamoja, kwa siku moja, kabla ya wageni kuja kuonyeshwa chumba. Hatusemi ni haramu kupendezesha nyumba. Katika Suratul A'raf, amri ya kujipamba na katazo la israfu zimewekwa ndani ya aya moja, kwa hiyo hatutakiwi kushika upande mmoja tukaacha wa pili. Swali letu ni nani analipa, na analipa mpaka lini.

Mwaka jana alikuja kwetu binti mmoja na mama yake. Nyumba waliyopangishiwa maharusi ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi, paa la bati, na madirisha mawili yanatazama magharibi. Alitaka mahameli ya rangi ya waridi, yenye bitana, kuanzia juu darini mpaka chini, madirisha yote matano na milango mitatu. Tulipomaliza kupima na kupiga hesabu, mama alinyamaza. Kisha akasema zamu yake ya upatu inatoka wiki ijayo, ada ya skuli ya yule mdogo itasubiri. Tukamwambia binti pale pale mbele ya mama yake: mdogo wetu, chumba hiki saa tisa za mchana kitakuwa tanuri, na kitambaa hiki kitakunywa unyevu masika yote. Tukampa hesabu nyengine, ya pamba. Alitabasamu kwa adabu, wakaaga, wakaenda kwa fundi mwengine. Hatukumlaumu. Alikuwa na mawifi wanne wa kuja kukikagua chumba, na wifi mmoja tu anatosha kumkosesha mtu usingizi.

Masika ya mwaka huu alikuja peke yake na furushi. Bitana yote ya upande wa ukutani ilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na mahameli yenyewe imeshika harufu ya chumba kilichofungwa. Mume bado analipa sehemu aliyokopa kwa ajili yake. Tulikata vipande vilivyosalimika tukapata foronya sita za mito, na zilizobaki alizitupa mwenyewe.

Kwa hiyo dada zetu mnaotarajia, mapazia ya kisiwani yanatakiwa yaweje? Hapa tutakaa kidogo, maana ndiyo kazi yetu.

Kwanza, upepo. Nyumba zetu zinapumua kwa madirisha. Kitambaa cha dirisha kinatakiwa kiwe chepesi kiasi cha kupeperuka, na kizito kiasi cha kutomwonyesha aliye ndani. Pamba au pamba iliyochanganywa na lineni inafanya kazi hiyo vizuri. Neti nyembamba peke yake haitoshi kwa mwanamke wa Kiislamu, kwa sababu usiku taa ikiwaka ndani, wa nje anaona kila kitu kama kivuli cha sinema. Weka neti ndani na pamba juu yake. Mchana unaifungua pamba, magharibi unaifunga.

Pili, kipimo. Dirisha la upana wa mita 1.2 linataka kitambaa cha upana wa mita 2.4 kwa pamba, yaani mara mbili, ili marinda yakae vizuri. Neti inataka mara mbili na nusu, mita 3. Zaidi ya hapo ni fundi kujiuzia kitambaa. Ongeza sentimita 25 kwenye urefu kwa ajili ya pindo la chini na la juu, na pindo la chini usilifanye jembamba, pazia lenye pindo pana linaning'inia kwa heshima. Pamba ifuliwe kabla haijakatwa, kwa sababu inaruka. Tumeona mapazia mengi yaliyokuwa marefu siku ya harusi na mafupi baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Tatu, urefu. Pazia la kufika chini ni zuri ukumbini, kwenye dirisha moja kubwa. Vyumbani na jikoni liishie shubiri moja chini ya dirisha. Kwa kila upande unaokoa karibu mita nzima ya kitambaa, na ufagio unapita bila ya kuburura mahameli ya mtu. Pazia la kujilaza sakafuni ni la nyumba isiyo na mchanga, na sisi tunaishi juu ya mchanga.

Fimbo za kuning'inizia ziwe za mti au aluminiamu. Chuma kwa hewa ya bahari kinaota kutu, na kutu ikigusa kitambaa cheupe haitoki.

Rangi? Tunapenda krimu, tunapenda kijani kilichofifia kama cha jani la mrehani, na manjano ya langilangi iliyokomaa, basi. Ukuta ukiwa mweupe au wa chokaa, moja kati ya hizo inatosha kwenye pazia, na rangi kali ziachiwe mito na mikeka. Mkeka wa ukindu uliotiwa rangi, wa Pemba au wa Makunduchi, una uchangamfu kuliko zulia, na mvua ikiingia dirishani unaubeba juani ukakauka. Zulia likirowa, wewe na familia nzima mtahama.

Na kanga. Doti moja ya kanga inatoa pazia la dirisha dogo la jikoni bila ya kukata kitu: kila kipande kina urefu wa mita moja na nusu hivi kwa upana wa mita moja na kidogo. Ila soma jina la kanga kabla ya kulitundika. Kanga yenye fumbo la kumsema jirani ikiwa dirishani kwa biharusi, mawifi watadhani wanasemwa wao, na hapo mshonaji hana msaada.

Kuna kisa tunachokipenda sana sisi watu wa sindano. Kimepokewa katika hadithi sahihi kutoka kwa Bibi Aisha, Allah awe radhi naye. Alitundika pazia lenye picha nyumbani mwake. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliporudi safarini alichukizwa nalo na akaliondoa. Bibi Aisha akakikata kile kitambaa akafanya mto, au mito miwili. Masheikh wanakieleza kisa hiki kwa upande wa hukumu ya picha, na hilo tunawaachia wao wenye elimu. Sisi tunachokiona pia ni mwanamke katika nyumba bora kuliko zote, ambaye kitambaa kilichokataliwa ukutani hakukitupa. Alikaa nacho akakigeuza kitu cha kuegemea. Binti anayejua kushona foronya mwenyewe ana mapambo mapya kila mwaka kwa bei ya uzi. Mafunzo ya cherehani ya miezi michache yanampa uwezo huo, na mashine yenyewe ni zawadi ya harusi bora kuliko vazi la sakafuni.

Tukitoka ndani, tunafika uani. Kiswahili chetu kina ua la kunusa na ua wa kukaa, na nyumba za wazee wetu zilikuwa na vyote viwili. Ukiingia katika nyumba za Mji Mkongwe unaikuta kiwanda, uwazi wa katikati ulio wazi juu, vyumba vimeuzunguka. Mwanga na hewa vinaingia, jicho la mpita njia haliingii. Nyumba za ng'ambo nazo zilijengwa na ua wa nyuma wenye ukuta au makuti. Hapo ndipo mwanamke alipokaa kichwa wazi, nywele zimesukwa au zimeachiwa, akipepeta mchele, akipiga soga, akipigwa na upepo bila ya buibui.

Hili ndilo linalotusumbua zaidi kuliko hata mapazia. Tunawaona mabiharusi wanaotumia pesa zote ndani ya kuta nne, kisha hawana hata pembe moja ya nje ya kukaa kwa stara. Uani pamejaa ndoo mbovu, tangi la maji na matofali yaliyobaki. Matokeo yake, mwanamke akitaka hewa avae atoke, au abaki ndani na simu akitazama bustani za Wazungu. Mwezi wa kwanza wa ndoa ni fungate na shamrashamra, hasikii. Mwezi wa nne, mume yuko kazini, mimba imeanza kumsumbua, nyumba ina joto. Hapo ndipo anapojua thamani ya kivuli na harufu ya asumini.

Huna haja ya ua mkubwa. Kwenye veranda ndogo ya ghorofa za Michenzani vyungu vinne vinakaa. Kama panaonekana na majirani, kaza kamba au waya kwenye fremu ya mti, panda asumini chini yake, na ndani ya mwaka mmoja au miwili una pazia la majani. Hilo halifuliwi wala halipigwi pasi. Anayepanga chumba kwenye nyumba ya watu wengi aombe ruhusa kwa wenzake, aweke vyungu, akihama anavibeba.

Asumini unaiomba kwa jirani, hununui. Kata kijiti cha urefu wa shubiri moja kutoka kwenye tawi ambalo si changa sana wala si gumu sana, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na udongo, weka kivulini, mwagia kidogo kidogo. Baada ya wiki kadhaa kikitoa jani jipya, hamishia kwenye chungu chenye matundu chini, udongo wenye samadi iliyooza, na jua la nusu siku au zaidi. Ukimaliza msimu wa kuchanua, upogoe, ndivyo unavyotoa maua mengi. Tumba zinachumwa jioni kabla hazijafumbuka, zinatungwa uzi na sindano, na usiku zinafunguka zenyewe kitandani au kwenye nywele. Bwana harusi yeyote ataijua tofauti baina ya hilo na plastiki.

Mrehani ni mwepesi zaidi, unaota kwa mbegu ndani ya wiki moja hivi. Ukate vichwa mara kwa mara ujae. Mrehani, asumini, waridi na mkadi ndivyo vinavyokutana katika kikuba, na biharusi mwenye vitatu kati ya hivyo uani kwake hanunui kikuba kila kukiwa na shughuli. Kilua tunakipenda kwa harufu, ingawa kinataka nafasi. Mlangilangi ni mti, tena mkubwa, usiupande karibu na ukuta wala karo.

Waridi tunaisema kwa tahadhari. Jabal Akhdar, kule Oman, mawaridi yanachanua baina ya mwezi wa tatu na wa tano katika hewa baridi ya mlimani, na huko ndiko yanakochemshwa marashi ambayo jamaa zetu wa Maskati wakija wanatuletea chupa. Kwetu waridi inaota, lakini upepo wa chumvi unaichoma majani, na maji ya kisima chenye chumvi yanaidhoofisha. Kama uko pwani kabisa, iweke nyuma ya ukuta na uimwagie maji ya mvua uliyoyakinga. Kama hutaki tabu, panda mrehani wa pili.

Jambo moja la afya, tafadhali. Visahani vya chini ya vyungu, ndoo na vifuu vikikaa na maji vinazaa mbu, wakiwemo wale wa homa ya dengi wanaouma mchana. Vimwage na uvisugue kila Ijumaa asubuhi pamoja na usafi mwengine wa siku hiyo, usipitishe wiki.

Najua, kwa maana sote tunajua, biharusi atauliza: na wageni watasema nini wakikuta mikeka na vyungu badala ya ukuta wa maua? Baadhi watasema. Wale wale watasema hata ukiweka mahameli, kwa kuwa wamekuja kusema. Lakini fukiza udi saa moja kabla ya wageni, chetezo kikiwa karibu na mlango, tandika shuka nyeupe iliyopigwa pasi, mwaga asumini mbichi juu ya kitanda, fungua dirisha, na uwape maji yenye mnanaa wa chungu chako mwenyewe. Somo wako akiwa mwanamke wa zamani, atakuelewa kabla hujafungua mdomo. Na katika mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, mti alioupanda Muislamu, akila kwao mtu, mnyama au ndege, ni sadaka kwake. Sisi hatujasikia sadaka ya tulipu ya plastiki.

Kina mama na mashangazi, kwenu tuna ombi. Bajeti ya harusi ikikaa mezani, ninyi ndio mnaosikilizwa. Msimwachie binti wa miaka ishirini na mbili abishane peke yake na mawifi. Mkisema ninyi kwamba mapazia ni ya pamba, na kwamba ua usafishwe na upigwe chokaa kabla ya zulia kununuliwa, mjadala umekwisha. Na bwana harusi mtarajiwa, kama dada yako anakusomea haya: tangi lisogeze pembeni, matofali yaondoe, weka benchi la mti la watu wawili.

Wakati huu tumepogoa asumini zetu na tuna vijiti vya kutosha pale dukani. Atakaye aje kuanzia alasiri na kopo lake lenye mchanga. Hatuviuzi.